Kabila la 44 lina mama zake

Ukitaka kujua mji unawakumbuka kina nani, soma majina yaliyoandikwa kwenye kuta zake. Mombasa kuna shule ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch akatandaza maduka kutoka Pwani mpaka Uganda, akafariki 1916. Kuna hospitali ya Pandya. Ukifika Nairobi kuna bustani ya Jeevanjee. Wote wanaume, na sisemi hawakustahili. Lakini juzi tumekaa barazani, nikawaomba wenzangu wanitajie jengo moja tu, shule, zahanati au hata kichochoro, chenye jina la mwanamke wa Kihindi. Tulimaliza kahawa na kashata bila jibu.

Na kuna kichekesho hapo. Bwana Jeevanjee alipoitoa ile bustani kwa mji wa Nairobi mwaka 1906, alisimamisha sanamu ya mwanamke. Mwanamke mwenyewe alikuwa Malkia Victoria. Zaidi ya miaka themanini baadaye, mwaka 1991, wakubwa walipotaka kuimeza bustani hiyo wajenge maegesho ya magari, aliyesimama kidete ikaokolewa ni mjukuu wake, Zarina Patel. Ni huyo huyo aliyekuja kuandika kitabu cha maisha ya babu yake, kwa sababu hakuna mwengine aliyekuwa amekiandika. Babu ana bustani, mjukuu ana kazi.

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Kihindi ni kabila la 44. Kabla yao Wamakonde wa Kwale walikuwa wametambuliwa kuwa la 43, na 2023 ikafika zamu ya Wapemba. Sisi wa Pwani tofauti ya kutangazwa na kukubaliwa tunaijua vyema. Mmakonde alikaa miaka mingi bila kitambulisho, na siku alipokipata ndipo mambo yalipobadilika kwake, si siku ya hotuba. Kwa Wahindi ilikuwa kinyume: wengi vitambulisho walikuwa navyo tangu zamani, walichokosa ni kuhesabiwa wenyeji. Sasa tunaelekea 2027, na lile swali la kila msimu wa kampeni linaanza kuchungulia tena: Mhindi ni wa wapi?

Swali hilo kila mara huulizwa kwa kumtazama mwanamume. Tunamwona mwenye duka, mwenye lori, mwenye kiwanda, yule aliyekuja na reli. Nami nasema tumeangalia mlango wa mbele tu. Wanaume wa Kihindi walikuja mwambao huu na kuondoka kwa mamia ya miaka, kaskazi ikawaleta na kusi ikawarudisha, na hawakuwa wenyeji. Walianza kuwa wenyeji siku mwanamke aliposhuka jahazini na kuteleka chungu. Yeye ndiye aliyekaa. Na kila sheria iliyotungwa juu ya watu hawa, ya Mwingereza na ya kwetu, ilimhesabu kama mzigo wa mumewe.

Tuanze na bahari. Karne ya 19, mji wa Unguja ulipokuwa soko kuu la pembe na karafuu, Wahindi walikuwa wa aina nyingi na hawakuishi namna moja. Mabhatia, ambao ni Wahindu na ndio waliokuwa wakikodi forodha ya Sultani, walikuja peke yao. Mila iliwakataza wanawake wao kuvuka bahari, kwa hiyo mke alibaki Kutch, mume akakaa miaka Unguja, akarudi kuzaa, akaondoka tena. Makhoja na Mabohora, ambao ni Waislamu, hawakuwa na kizuizi hicho. Wao walikuja na wake zao mapema, na ndiyo sababu ukitafuta leo ni nani walioota mizizi ya zamani Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo utawakuta hao kwanza. Hawakuwa wakipenda Afrika kuliko wenzao. Tofauti ni kwamba nyumba zao zilikuwa na mwanamke.

Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 Mwingereza alileta watu karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, kutandika njia kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Takriban 2,500 walikufa, na waliobaki baada ya mkataba kwisha hawafiki 7,000. Hesabu hizi kila mtoto wa shule amezisikia, pamoja na simba wa Tsavo. Lakini wale waliokuja walikuwa karibu wote wanaume, na wengi wao walirudi. Kwa hiyo ile hadithi kwamba Wahindi wa Kenya ni wajukuu wa makuli wa reli ina ukweli mdogo kuliko tunavyodhani. Wengi wa waliofanya jamii hii walifuata baadaye kwa nauli zao, katika meli za abiria, mume akitangulia, mke akiitwa akishapata chumba. Wazee wa Mombasa wanazikumbuka meli mbili za mwisho mwisho, Kampala na Karanja, zilizokuwa zikipiga njia ya Bombay, Mombasa na Durban. Ndani yake walikuwamo wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, walioozwa kwa mtu waliyemwona mara moja, wanakwenda mji wasioujua, na masanduku ya sari wanayoyalinda kuliko roho zao. Mshairi wa Kenya Shailja Patel amejenga kazi yake nzima, *Migritude*, juu ya sanduku kama hilo alilopewa na mamake.

Akishafika, huyu msichana hakukaa ndani akila halua. Duka la Mhindi katika nchi ya kikoloni halikuwa biashara ya mtu mmoja. Mume alisimama mbele akipima na kuandika, na nyuma ya pazia mlikuwa na kiwanda. Mke alifungasha sukari na chumvi vipimo vidogo vidogo, alishona, alitengeneza achari na bajia za kuuza, alilea, alipika kwa ajili ya familia na kwa vijana wa ukoo waliotoka India kuja kujifunza kazi na kulala chini ya meza ya duka. Sultan Somjee, mtafiti aliyezaliwa Kenya, ameandika riwaya iitwayo *Bead Bai*, aliyoitoa 2012, juu ya wanawake wa Kikhoja waliokuwa wakichambua na kupanga shanga kwa rangi na ukubwa ili zimpendeze mnunuzi wa Kimasai. Fikiria ujuzi huo. Mwanamke wa Kigujarati aliyefungiwa ua wa duka, anajua ni bluu ipi inayotakiwa msimu huu, na asipojua duka linalala njaa. Leseni ya biashara haikuwa na jina lake. Mshahara hakupata. Karani wa hesabu ya watu akija, aliandikwa "mke".

Hapa kwetu kazi hiyo ilipita kwenye leso. Mtaa wa Biashara, ambao wengine wetu bado tunaijua njia yake kwa harufu ya nguo mpya, una lile duka la Kaderdina Hajee Essak linalojulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lililoanza 1887. Tunasifu jina la mwenye duka kwa kutia maneno kwenye leso, na ni haki yake. Ila mama zetu wanajua jambo ambalo vitabu vinalipita haraka: biashara ya leso ni maongezi ya wanawake. Bibi wa Kiswahili ndiye aliyeamua jina lipi litauzwa na lipi litaoza kwenye rafu, na mara nyingi habari hiyo ilipita kwa mwanamke mwenziwe aliyekaa nyuma ya meza, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi, huku wakilinganisha bei ya samli.

Nisikilize pia lugha yenyewe, maana yeye hudanganyi. Maneno tuliyoyapata kutoka lugha za Kihindi yamegawika makundi mawili. Moja ni la sokoni: duka, pesa, laki, hundi, bima, gunia, gari. Hayo wanaume waliyaleta. La pili ni la ndani: chapati, achari, bajia, kachumbari, bangili. Hayo hayakuingia kwa mkataba wala kwa risiti. Yaliingia kwa mwanamke kuonja chungu cha jirani na kuuliza, hiki umekitia nini? Mswahili asiyetaka kusikia habari ya Wahindi na aanze kwa kuondoa chapati mezani Ijumaa, kisha tuendelee na mjadala.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Kibokoni, na ukuta mmoja na nyumba ya Mabohora. Mabohora huanza kufunga siku moja au mbili kabla yetu, kwa kalenda yao ya hesabu. Kila mwaka sahani ya kwanza ya Ramadhani ilitoka kwao ikaja kwetu siku ambayo sisi bado tunakula mchana, na kila mwaka bibi yangu alisema neno lile lile, kwamba hawa wana haraka ya kwenda peponi. Siku ya mwisho sahani zilirudi upande wa pili, kwa kuwa wao wameshakula Idi na sisi bado. Yule mama wa upande wa pili alikuwa akivaa rida yake ya rangi, anazungumza Kiamu cha kumpita bibi yangu mwenyewe, maana alizaliwa Lamu. Alipofariki hakuna aliyejua jina lake kamili ila wanawe. Sote tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Turudi kwenye sheria, kwa kuwa humo ndimo palipo na maumivu ambayo watu hawayaongei.

Ndoa za Kihindu, kwa muda mrefu wa ukoloni, ziliachiwa mila. Ni sheria ya 1946, kisha ile ya 1960, ndizo zilizoweka ndoa ya mke mmoja na kumpa mwanamke wa Kihindu njia ya kudai talaka mahakamani hapa Kenya. Kabla ya hapo, mume aliyeoa mwengine alipokwenda Gujarat kutembea hakuwa amevunja sheria yoyote, na mke aliyebaki nyuma ya duka la Voi au Kilifi hakuwa na pa kushtaki. Sheria ya Ndoa ya 2014 ndiyo iliyozikusanya ndoa zetu zote, za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za mila na za serikali, chini ya paa moja.

Uraia ulikuwa mkasa mkubwa zaidi. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakaazi wasio raia wa moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imewahesabu Wahindi, Wapakistani na Wagoa wa Kenya zaidi ya 176,000. Nani aombe? Katika nyumba nyingi uamuzi ulikuwa wa mzee wa nyumba, na mzee alifanya hesabu ya kibiashara: huyu mwana achukue ya Kenya ili leseni ibaki, yule abaki na ya Uingereza, mjomba ashike ya India. Nyumba moja pasipoti tatu. Mke na mabinti waliwekwa palipokuwa na nafasi. Hawakuulizwa, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua watazeekea wapi.

Mwaka 1967 zikaja sheria mbili za Kenya, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, zilizowabana wasio raia. Watu wakaanza kukimbilia Uingereza. Waingereza nao, walipoona pasipoti zao wenyewe zinarudi mikononi mwa watu wa rangi nyengine, walipitisha sheria ya haraka iliyoanza kufanya kazi Machi 1968 na kufunga mlango. Badala yake wakaweka vocha chache kila mwaka, na masharti ya vocha yanafaa kusomwa polepole: ilikuwa ya "kiongozi wa familia". Mke hakuwa kiongozi wa familia. Hata kama pasipoti ya Uingereza ni yake, na mumewe hana, maadamu ana mume, basi kiongozi ni mume, na mume kwa kuwa hana pasipoti hawezi kuomba. Mjane angeweza kuomba. Kwa lugha nyepesi, serikali ya Uingereza ilimwambia mama wa Kihindi kwamba atakuwa Mwingereza kamili siku mumewe akifa. Mwanamke mmoja aliipeleka kesi hiyo mpaka mahakama ya juu kabisa ya huko, na 1983 akashindwa. Mpango wenyewe ulifutwa 2002.

Kabla hatujawacheka Waingereza tujitazame. Katiba yetu ya zamani ilimruhusu mwanamume Mkenya kumpa uraia mtoto wake aliyezaliwa nje, na kumfungulia mkewe mgeni njia ya kusajiliwa. Mwanamke Mkenya hakuwa na haki hiyo. Binti wa Kihindi wa Mombasa aliyeolewa Dar es Salaam au Muscat, akazaa huko, mwanawe hakuwa Mkenya kwa ajili yake. Na si binti wa Kihindi tu. Dada zetu wa Kiswahili walioolewa Oman na Unguja wameonja shubiri hiyo hiyo, mpaka Katiba ya 2010 ilipoandika kwamba mama na baba ni sawa katika jambo hili. Hapo ndipo ninaposema historia hii si ya "wao". Sheria iliyomfunga yule ilitufunga na sisi.

Wale waliofika Uingereza walikwenda viwandani. Jayaben Desai alizaliwa Gujarat, akaolewa, akaishi Tanganyika, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia London. Agosti 1976 alitoka kazini katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick kwa kukataa kutendwa kama mnyama, na wenzake, wengi wao wanawake wa asili ya Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, wakamfuata. Mgomo ulichukua karibu miaka miwili. Walishindwa, lakini vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, ambavyo awali havikuwa na habari na watu weusi wala Wahindi, havikubaki vilivyokuwa. Alikuwa mfupi, na picha zake zinamwonyesha amebeba mkoba mkononi mbele ya safu ya polisi. Wanawake wa aina hii ndio ambao sisi huku tuliwajua kwa jina la "mke wa mwenye duka".

Katika siasa zetu wenyewe, rekodi inashangaza. Januari 1924, chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa hapa hapa Mombasa mwaka 1914, kilifanya mkutano wake mkuu katika mji huu, na aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni mwanamke, Sarojini Naidu, mshairi na mpigania uhuru aliyeletwa kutoka India. Ilikuwa miezi sita baada ya Waingereza kuwanyima Wahindi haki sawa na masetla. Mwanamke anaongoza mkutano wa siasa Mombasa, mwaka 1924! Nasema hivyo bila kumpamba: alikuja kutetea haki ya Wahindi, na Mwafrika katika siasa ile alikuwa pembeni. Pia alikuwa mgeni. Wanaume wa hapa walimkubali mwanamke atoke ng'ambo awaongoze, wake zao wakabaki nyumbani wakipika chakula cha wajumbe.

Mwaka 1958 jirani zetu Tanganyika walimchagua Sophia Mustafa katika Baraza la Kutunga Sheria. Alizaliwa India, akalelewa Nairobi, akahamia Arusha na mumewe. Uchaguzi ule kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, kwa hiyo kura za Waafrika ndizo zilizompitisha, akiwa anaungwa mkono na TANU. Kitabu chake *The Tanganyika Way* kilitoka 1961. Sasa hesabu: Kenya ilimpata mbunge wa kwanza mwanamke wa asili ya Kihindi lini? 2013, Sonia Birdi, naye wa kuteuliwa. Miaka 55 baadaye. Nairobi ilimlea Sophia Mustafa, ikamwacha akachaguliwe kwengine.

Kuna wengine ambao siasa iliwafika mlangoni. Pio Gama Pinto, Mgoa na mpigania uhuru, alimwoa Emma mwanzoni mwa 1954. Hawakumaliza nusu mwaka, Waingereza wakamchukua na kumfunga Takwa, kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Watalii wanaokwenda Takwa kuona magofu ya msikiti huwa hawaambiwi kwamba palikuwa na kambi ya wafungwa wa siasa. Pinto hakuachiliwa mpaka 1959. Mkewe alifanya kazi ya ofisi Nairobi na kungoja. Februari 1965 Pinto akapigwa risasi ndani ya gari lake mbele ya nyumba, binti yao mdogo yumo ndani. Emma aliondoka na watoto watatu kwenda Kanada. Tumemfanyia Pinto mtaa na stempu. Emma aliyelipa gharama yote ile, aliishi mpaka 2020, na sidhani kama redio moja ya Pwani ilimpigia simu.

Lakini nisipake asali juu ya kila kitu. Wasomaji wangu wengi wana mama au bibi aliyefanya kazi katika nyumba ya Kihindi, na nikiandika hapa kwamba mama wa Kihindi alikuwa mateka tu wa mumewe na wa sheria, watanicheka. Alikuwa pia bibi wa nyumba. Kulikuwa na nyumba ambazo yaya wa Kigiriama alikuwa na kikombe chake cha bati kilichowekwa nje dirishani. Kulikuwa na mama walioshona nguo za watoto wa jirani, na kulikuwa na wengine waliotoa mshahara nusu na kumpekua mtu akitoka. Ukoloni uliweka watu ngazi kwa ngazi, na aliyekuwa ngazi ya kati alijifunza haraka kumkanyaga wa chini. Wanawake hawakusamehewa somo hilo.

Na ndoa ndiyo iliyokuwa mpaka wa mwisho. Mwanamume wa Kihindi aliyezaa na mwanamke wa Kiafrika, mtoto aliitwa chotara, mambo yakafunikwa. Binti wa Kihindi akimpenda Mwafrika, familia nzima ilikuwa msibani. Mwanamke ndiye aliyefanywa ukuta wa jamii. Wanasiasa nao waliliona hilo wakalitumia vibaya kabisa: mwaka 1970, Unguja, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na watu wa Baraza la Mapinduzi, kwa jina la kuondoa ubaguzi. Hakuna ubaguzi ulioondolewa siku ile. Kilichotokea ni kwamba wasichana wanne walitumiwa, na Wahindi wa mwambao mzima, Mombasa pia, wakajifungia zaidi. Mlango wa ndoa uliolazimishwa hufungwa kwa misumari.

Ndiyo maana lile tangazo la 2017 lina utata wake kwa upande wetu. "Wahindi" wa Pwani si kundi moja lenye mlango mmoja. Wabaluchi wa Makadara, Wabadala waliokuja na majahazi kutoka Kutch, Wakokni, ni Waislamu waliochanganyika na sisi vizazi kwa vizazi, nyumbani wanazungumza Kiswahili, na wengi wana bibi Mswahili upande mmoja. Binti wa Kibaluchi aliyezaliwa Mombasa na mama Mswahili aandikwe wapi karani wa sensa akija, kabila la 44 au Mswahili? Serikali kwa kawaida humfuata baba. Basi bibi wa pili anafutwa tena, safari hii kwa heshima zote. Marehemu Rasna Warah, mwandishi wa asili ya Kipunjabi aliyefanya Malindi kuwa kwao, alikiita kitabu chake cha 1998 *Triple Heritage*, urithi wa mara tatu. Fomu ya sensa ina kisanduku kimoja.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wa asili ya Kihindi wapatao 47,500. Linganisha na wale 176,000 wa 1962. Vijana wanakwenda Leicester na Toronto kusoma, hawarudi. Wanaobaki ni wazee, na kati ya wazee, kama kila mahali, wajane ndio wengi. Ukipita Mji wa Kale alasiri utawaona wamekaa roshani, na baadhi ya roshani hizo zenyewe zinaanguka.

Yamefanyika mambo. Cynthia Salvadori alikusanya masimulizi ya familia za Kihindi katika juzuu tatu, *We Came in Dhows*, zilizotoka 1996. Makumbusho ya Taifa Nairobi yalikuwa na maonyesho ya urithi wa Wahindi wa Afrika mwaka 2000. Kazi nzuri, lakini ni za Kiingereza, na bei yake si ya mtu wa Mji wa Kale. Waliohojiwa sana ni wanaume, maana mtafiti akibisha hodi mume ndiye anayefungua.

Ninachokitaka si kikubwa. Fort Jesus pana makumbusho, na mji huu una taasisi ya utafiti wa Uswahili, RISSEA. Kaunti ina idara ya utamaduni na bajeti yake kila mwaka. Vijana wawili wenye simu za kurekodia, mmoja awe msichana kwa kuwa kuna nyumba ambazo mvulana hataingizwa ndani, wangeweza kumaliza mitaa ya Kibokoni, Kuze na Makadara kwa miezi michache. Warekodi kwa Kiswahili. Mabibi hawa wana Kigujarati na Kikachi, lakini habari za mambo waliyoyafanya na mama zetu wanazo kwa Kiswahili. Wasianze kwa kuuliza mume alikuja mwaka gani. Waulize: ulishuka meli gani, nani alikupokea, na jirani wa kwanza aliyekuletea chakula alikuwa nani. Nina hakika majibu mengi yatakuwa majina ya bibi zetu, na baadhi yao bado wako hai kuthibitisha.